Maktaba na Ofisi za Baraza za King Square, Barry (Wales): Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Jengo la King Square huwachanganya watu kwa sababu moja. Machoni ni nyumba moja, lakini kwenye vitabu vya hesabu ni nyumba mbili: maktaba iliyojengwa kwa pesa za mfadhili, na ofisi za baraza zilizojengwa kwa mzigo wa walipa kodi. Ukishalijua hilo, maswali mengi hapa chini yanakuwa mepesi.

Barry iko wapi, na mji wa aina gani huu?

Ni mji wa bandari kusini mwa Wales, kwenye ufuko wa Mlango wa Bristol, kusini-magharibi mwa Cardiff. Kwa Kiwelisi unaitwa Y Barri. Mwaka 1881 hapakuwa na mji wa kutaja. Palikuwa na vijiji vitatu, Barry, Cadoxton na Merthyr Dyfan, ambavyo watu wake wote kwa pamoja walikuwa kama 500 tu. Mwaka 1891 walikuwa wamepita 13,000. Mwaka 1901 walikuwa 27,000, na 1911 zaidi ya 33,000.

Kilichowaleta ni makaa ya mawe. Wenye migodi ya bonde la Rhondda, wakiongozwa na David Davies wa Llandinam, walichoka kusubiri zamu na kulipa ushuru wa bandari ya Cardiff, wakaamua kujenga bandari yao na reli yao. Sheria ya kuwaruhusu ilipita 1884, na bandari ikafunguliwa tarehe 18 Julai 1889. Miaka 24 baadaye, 1913, Barry ilipakia zaidi ya tani milioni 11 za makaa kwa mwaka mmoja na kuipita Cardiff yenyewe.

Mji uliokua kwa kasi hiyo huwa na nyumba, baa na makanisa kabla haujapata mahali pa madiwani kukaa. Bodi ya kwanza ya mji iliundwa 1888, ikawa baraza la wilaya ya mji 1894.

Jengo lilijengwa lini? Mbona kila ninaposoma nakuta mwaka tofauti?

Kwa sababu kila mwandishi anazungumzia kipande chake. Miaka unayoikuta ni hii:

- 1903: kazi inaanza. Wasanifu ni Charles E. Hutchinson na E. Harding Payne, wote wa London.
- 1906: upande wa maktaba unafunguliwa.
- 1908: upande wa ofisi za baraza unafunguliwa.

Kwa hiyo anayeandika "1906" hajakosea kama anasema maktaba, na anayeandika "1908" hajakosea kama anasema jengo zima. Kosa ni kuandika "maktaba ya 1908". Kumbukumbu za urithi huandika 1903–8, na ukitaka namba moja ya kuweka chini ya picha, tumia hiyo.

Mtindo ni baroki ya enzi za mfalme Edward VII: tofali jekundu, na mawe ya rangi nyeupe kwenye pembe, madirisha na milango. Ulikuwa ndio mtindo wa mabaraza ya Uingereza wakati huo. Baraza la mji uliozaliwa juzi lilitaka kuonekana kama lipo tangu zamani, na jiwe jeupe juu ya tofali jekundu lilifanya kazi hiyo vizuri.

Je, ni kweli Andrew Carnegie alilipia jengo zima?

Hapana, na hili ndilo kosa tunalokutana nalo zaidi ya yote. Carnegie, Mskoti aliyetajirika kwa chuma cha Marekani, alitoa pauni 8,000 kwa ajili ya maktaba. Ofisi za madiwani hazikumhusu.

Misaada yake haikutolewa hivi hivi. Barua zilipitia kwa katibu wake, James Bertram, mtu asiyependa maneno mengi, na masharti ya msingi yalikuwa matatu:

1. Mji utoe kiwanja bure. Pesa za Carnegie hazikununua ardhi.
2. Baraza liwe limekubali rasmi Sheria ya Maktaba za Umma.
3. Baraza litoze kodi ya maktaba kila mwaka, ili kulipa watumishi, moto, taa na vitabu.

Pesa ilikuwa ya kuta na paa. Baada ya kufungua mlango, mji ulijitegemea. Upande wa ofisi, baraza lililotaka kujenga lilikopa, na mkopo wa namna hiyo ulihitaji kibali cha Bodi ya Serikali za Mitaa kule London, kisha ukalipwa pole pole kutoka kwenye kodi za majengo. Ndiyo maana ukisoma kumbukumbu za mabaraza ya miaka ile utakuta hesabu za maktaba na za ofisi zimewekwa mbalimbali, hata pale zinapogawana ukuta mmoja.

"Kodi ya peni" ilikuwa kiasi gani hasa?

Kila nyumba na duka lilikadiriwa lingekodishwa kwa pauni ngapi kwa mwaka. Sheria ya 1855 iliruhusu baraza litoze maktaba peni moja tu kwa kila pauni ya makadirio hayo, basi. Pauni moja wakati ule ilikuwa shilingi 20, na shilingi moja peni 12, kwa hiyo pauni ilikuwa peni 240.

Hesabu yake: chukua makadirio ya mji mzima, gawa kwa 240. Mji uliokadiriwa pauni 120,000 ulipata pauni 500 kwa mwaka, na haukuruhusiwa kuvuka hapo hata wakazi wakitaka. Mwenye duka lililokadiriwa pauni 24 alilipa shilingi mbili kwa mwaka.

Sasa pauni 500 hiyo itoe mshahara wa mkutubi na wasaidizi, gesi ya taa, makaa ya jiko, magazeti ya kila siku, bima, na kufunga upya vitabu vilivyochakaa. Kinachobaki ndicho cha kununulia vitabu. Miji mingi ya Uingereza na Wales ilijikuta na jumba zuri lenye rafu zisizojaa. Mwaka 1915 Profesa W. G. S. Adams aliuandikia mfuko wa Carnegie wa Uingereza ripoti iliyosema wazi kwamba majengo mengi yalikuwa makubwa kuliko uwezo wa kuyaendesha. Kikomo cha peni kilifutwa na sheria ya 1919. Wajibu wa kisheria wa kila mamlaka kuendesha maktaba ulikuja baadaye sana, kwa sheria ya 1964.

Mtu akiingia maktaba ya wakati ule alikuta nini?

Sahau maktaba unayoijua. Kwenye maktaba nyingi za umma za miaka hiyo msomaji hakugusa rafu. Alikuta kaunta, na juu yake fremu kubwa yenye mamia ya vibao vidogo vya namba, kila kimoja kikiwa cha kitabu kimoja. Kibao kilikuwa na rangi moja upande huu na nyingine upande wa pili: rangi moja ilisema kitabu kipo, nyingine kimeazimwa. Unatafuta namba kwenye orodha iliyochapwa, unatazama rangi, unamtajia karani namba, naye anakwenda ndani kukileta. Ukipewa kitabu kibaya, unarudi kwenye foleni. Kuwaacha watu waingie wenyewe kwenye rafu kulianza Clerkenwell, London, mwaka 1894, na wakutubi walibishana kuhusu hilo kwa miaka mingi, hofu yao ikiwa ni wizi.

Chumba kilichojaa kuliko vyote kilikuwa cha magazeti. Magazeti yalilazwa kwenye meza za mteremko, yakabanwa katikati kwa ufito wa shaba, na watu walisoma wamesimama. Kusimama kulikuwa kwa makusudi: asiyekaa hasinzii. Baadhi ya maktaba zilipaka wino mweusi kwenye kurasa za mbio za farasi kila asubuhi kabla ya kufungua, ili chumba kisigeuke kijiwe cha wacheza kamari. Kwenye mji wa bandari gazeti halikuwa la kupitisha muda tu. Humo mlikuwa na orodha ya meli zilizoingia na zilizotoka, na matangazo ya kazi.

Hili ndilo lile jengo lenye madirisha 365?

Silo. Hilo ni Dock Office, jengo la kampuni ya reli na bandari, lililochorwa na Arthur E. Bell na kujengwa mwishoni mwa miaka ya 1890. Nalo ni la tofali jekundu na jiwe jeupe, ndiyo maana picha zake hubandikwa jina la King Square na kinyume chake. Husemwa kwamba Bell alilichora kama kalenda: madirisha 365, sehemu za moto 52, ghorofa nne kama majira manne.

Njia ya haraka ya kutofautisha kwenye picha ya zamani: ukiona mbele ya mlango sanamu ya mwanamume aliyesimama akisoma ramani aliyoishika mikononi, huyo ni David Davies, kazi ya mchongaji Alfred Gilbert, na hapo ni Dock Office. Mkanganyiko unaongezeka kwa kuwa Dock Office nayo siku hizi inatumiwa na baraza.

Meya wa Barry aliyefungua ofisi za 1908 alikuwa nani?

Hakuna. Mwaka 1908 Barry ilikuwa wilaya ya mji, na wilaya ya mji ilikuwa na mwenyekiti wa baraza. Meya ni cheo cha manispaa, na Barry ilipata hati ya manispaa mwaka 1939, mwaka uleule vita vilipoanza. Ukiona maelezo ya picha yanasema "Meya na madiwani, 1908", tarehe au cheo, kimojawapo si sahihi. Angalia mkufu wa cheo shingoni kabla hujaamua, lakini usiutegemee peke yake, maana wenyeviti wa baadhi ya wilaya nao walivaa mikufu.

Na leo nani yumo?

Manispaa ya Barry ilivunjwa 1974 mji ulipoingizwa katika wilaya ya Vale of Glamorgan, ambayo tangu 1996 ni mamlaka kamili inayojitegemea. Ofisi kuu za mamlaka hiyo ziko Holton Road, katika jengo la kisasa liitwalo Civic Offices. King Square imebaki na maktaba ya mji, na ndani yake pia kuna ukumbi wa maonyesho ya sanaa uitwao Art Central. Kwa hiyo ule upande wa Carnegie, uliotangulia kufunguliwa, ndio ambao kazi yake imedumu. Madiwani wamehama, vitabu vipo.

Kwa anayekwenda: panda treni ya Barry Island kutoka Cardiff Central. Ukishuka kituo cha Barry Docks, Dock Office na Civic Offices ziko karibu. King Square unaifikia kwa miguu kupitia Holton Road. Usipitilize hadi Barry Island ukidhani ndiko katikati ya mji. Kule ni ufuko na bembea.

Vibao vya pale vina Kiwelisi. Nitasomaje?

Huu ni upande ambao msemaji wa Kiswahili ana bahati kuliko Mwingereza.

*Llyfrgell* ni maktaba. *Cyngor* ni baraza, na hiyo *ng* yake ni ng' ya ng'ombe, si ya ngoma. *Tref* ni mji, na *f* moja ya Kiwelisi husomwa v. *Neuadd y Dref* ni ukumbi wa mji. *Dd* ni dh yetu ya dhahabu, na T ya *tref* imegeuka D kwa sababu ya neno lililotangulia, jambo ambalo aliyezoea mtu kuwa watu hatalishangaa. *Ch* ni kh ya kheri. *W* mara nyingi ni u. Kinachobaki kigumu ni *ll*: weka ulimi kama unataka kusema l, kisha pumua nje bila sauti, hewa ipite pembeni.

Kiwelisi kwenye kibao si pambo. Sheria ya 2011 iliipa lugha hiyo hadhi rasmi, na mabaraza hayaruhusiwi kuihudumia chini ya Kiingereza.

Nataka kuchunguza mwenyewe historia ya jengo hili, au la mji mwingine wa Wales. Nianzie wapi?

Fuata mpangilio huu, maana kila hatua inakupa maneno ya kutafutia kwenye hatua inayofuata.

1. Anza na Cof Cymru, ramani ya mtandaoni ya Cadw, taasisi ya serikali ya Wales inayosimamia urithi. Utapata maelezo rasmi ya jengo, majina ya wasanifu na miaka. Yasome kwa jicho kali. Maelezo ya namna hii yaliandikwa kwa ajili ya kulinda kuta, na habari za pesa huwa chache.
2. Ingia Coflein, hazina ya Tume ya Kifalme ya majengo na mabaki ya kale na ya kihistoria ya Wales. Humo mna picha na michoro.
3. Fungua Welsh Newspapers Online ya Maktaba ya Taifa ya Wales, Aberystwyth. Ni bure, na inakwenda hadi 1919. Kwa Barry gazeti la kushika ni *Barry Dock News*. Weka mipaka ya miaka 1902 hadi 1908. Maneno ya kutafuta ni "Carnegie", "free library" na "King Square".
4. Linganisha ramani za Ordnance Survey, shirika la ramani la Uingereza, za kipimo cha 1:2500, ambazo Maktaba ya Taifa ya Scotland imeziweka mtandaoni. Toleo la mwisho wa karne ya 19 na la miaka ya 1910 yatakuonyesha kiwanja kabla na baada.
5. Mwisho nenda Glamorgan Archives, Cardiff, kwa vitabu vya kumbukumbu za vikao. Omba vya kamati ya maktaba kando na vya baraza lenyewe. Hapo ndipo utaona nani alipinga nini.

Wanaokwama, wengi hukwama hatua ya tatu. Magazeti yale yalisomwa na kompyuta, na herufi zilizofifia husomwa vibaya: "Carnegie" inaweza kutokea kama "Carnegle". Usipopata kitu, tafuta neno fupi zaidi au soma toleo la wiki nzima kwa macho. Kosa la pili ni kuchukua habari ya "baraza limepokea ahadi" kama tarehe ya ujenzi. Kati ya ahadi na tofali la kwanza huwa kuna miezi, wakati mwingine miaka.

Kuta za jengo kama hili zinatunzwaje, na huharibika kwa nini?

Jengo limo kwenye orodha ya majengo ya urithi yanayolindwa na sheria, daraja la II. Madaraja ni matatu, I, II* na II, na majengo mengi ya Wales yaliyoorodheshwa yamo katika la mwisho. Daraja la chini halimaanishi ruhusa: kubadilisha sura yake, ndani au nje, kunahitaji kibali, na kufanya bila kibali ni kosa la jinai. Sheria inayotumika sasa ni ya 2023, iliyoanza kazi Novemba 2024.

Uharibifu huanzia juu. Mifereji ya paa iliyojificha nyuma ya ukuta wa ukingo huziba kwa majani na viota vya njiwa, maji yanapanda, yanatafuta njia kuingia ndani. Dalili ya kwanza ni doa la kahawia kwenye kona ya dari. Mbao zikishafika unyevu wa asilimia 20 na kupita, kuvu wa kuozesha mbao anaota, na hapo gharama si ya ngazi na ndoo tena. Usafishaji wa mara mbili kwa mwaka, mmoja ukiwa mwisho wa vuli majani yakishaanguka, ni wa bei nafuu kuliko chochote kingine utakachofanya kwenye jengo.

Adui wa pili ni saruji. Matofali ya 1906 kwa kawaida yaliunganishwa kwa chokaa, ambayo ni laini kuliko tofali na hupitisha unyevu. Fundi wa miaka ya karibuni akija na saruji, anaziba njia hiyo. Unyevu unalazimika kutokea kwenye uso wa tofali lenyewe. Baridi ikija maji yanaganda na kutanuka kwa karibu asilimia 9, uso unabanduka kama ngozi ya kitunguu. Chumvi ya upepo wa bahari inazidisha. Baada ya miaka kadhaa unakuta gridi ya saruji imesimama mbele, na matofali yameliwa ndani yake.

Kurekebisha si kazi ya mashine ya kukatia. Kiungo, yaani mstari wa chokaa kati ya tofali na tofali, huchimbwa kwa mkono, kina chake kiwe angalau mara mbili ya upana wake: kiungo cha milimita 10 kichimbwe milimita 20 hadi 25. Vumbi linafagiliwa, ukuta unaloweshwa, kisha mchanganyiko wa chokaa sehemu moja na mchanga mkali sehemu tatu unasukumwa ndani kwa nguvu na kuachwa ukiwa umeingia kidogo nyuma ya uso wa tofali. Funika kwa magunia ya juti yenye unyevu kwa siku kadhaa, maana chokaa ikikauka haraka inakuwa unga. Chini ya nyuzi 5 za sentigredi usifanye kabisa. Mafundi wa Lamu na Mji Mkongwe wa Zanzibar wanaijua kesi hii: mawe ya matumbawe na chokaa yaliyopigwa lipu ya saruji huoza vilevile, ila kwao kazi hiyo hufanywa na chumvi na unyevu bila msaada wa barafu.

Kuna chochote kinachounganisha Barry na upande wetu wa dunia?

Kipo, nacho ni makaa. Makaa ya mvuke ya kusini mwa Wales yaliwaka bila moshi mwingi, yakapendwa na meli za kivita na za abiria, yakarundikwa kwenye vituo vya njia ya Mashariki kama Port Said na Aden. Kutoka Aden na pwani ya Somalia walitoka mabaharia wengi waliofanya kazi ya kupakia matanuri ya meli hizo, na baadhi yao wakaweka makazi katika bandari za kusini mwa Wales, Cardiff hasa. Anayetafuta majina yao atafute kwenye orodha za mabaharia wa kila meli. Kumbukumbu za baraza la King Square si mahali pake.